Mashini mbili, meza moja: hoja kutoka Baraka

Ubishi wa vifaa katika kitivo chetu umekuwa kama ubishi wa timu za mpira. Upande mmoja wako wanaosema zama za kompyuta ya mezani zimekwisha: tableti inarekodi, inapiga picha, inaandika, inaingia mkobani na inachajiwa na paneli ya jua isiyozidi sinia. Upande wa pili wako wengine, wengi wao wamekwisha kutetea memwari zao, wanaosema tableti ni ya kuangalizia video, na kwamba isimu hufanywa kwenye mashini yenye kibodi halisi na kioo kipana. Nimewasikiliza wote, tena zaidi ya mara moja, na naona wote wanajibu swali lisilotuhusu sana. Sisi wa lugha za Kiafrika, tunaoandika lugha ambazo vitabu vyake havijajaza hata rafu moja, tuna swali linalotangulia hilo. Wakati maneno ya mzungumzaji yanapogeuzwa kuwa maandishi, mzungumzaji mwenyewe yuko wapi?

Mara nyingi hayupo. Desturi yetu tunaijua. Mwanafunzi anatoka Baraka kwa pikipiki, anashika barabara ya ziwani hadi Lweba au Mboko, au anapanda mlima hadi Fizi yenyewe. Anawakuta wazee, anarekodi hadithi mbili, methali, majina ya samaki na ya miti, anashukuru, anarudi. Miezi mitatu baadaye amekaa peke yake na vipokea sauti masikioni, anarudisha nyuma sekunde ileile mara ya kumi na mbili, na pale asiposikia vizuri anaandika kile anachodhani kinapaswa kuwa pale. Tena Kibembe cha wengi wetu tuliokulia Baraka ni cha salamu na cha jikoni kwa bibi. Kilichobaki ni Kiswahili. Kwa hiyo tunachodhani kinapaswa kuwa pale, mara nyingi kinafanana na Kiswahili.

Hoja yangu ni kwamba kompyuta ya mezani na tableti zikae pamoja, juu ya meza moja, saa moja, na mzee akiwa upande wa pili wa meza hiyo. Sisemi hivyo kwa sababu ya kupenda vifaa. Nasema hivyo kwa sababu huo ndio mpangilio pekee nilioujua katika kazi ya Baraka na Fizi unaomrudisha mzungumzaji chumbani wakati wa kuandika.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya maneno. Watanzania wamepata kishikwambi, na neno hilo lilienea sana baada ya Sensa ya Agosti 2022, pale makarani walipohesabu watu kwa vishikwambi ambavyo baadaye viligawiwa walimu. Ni neno zuri na sina ugomvi nalo. Lakini Baraka watu husema tableti, na wazee niliokaa nao husema simu kubwa. Kompyuta ya mezani wao huiita mashini tu. Nitaandika kama wanavyosema.

Sasa kwa nini tableti peke yake haitoshi. Sababu ya kwanza ni ya programu. ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, ndiyo inayotuwezesha kuifunga kila sentensi kwenye sekunde zake za sauti, na chini yake kupanga safu: maandishi ya Kibembe, mofimu, tafsiri ya Kiswahili, tafsiri ya Kifaransa. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwenye Android haipo. Praat ya Boersma na Weenink, ambayo bila hiyo hakuna mtu atakayeamini michoro yako ya toni, nayo ni ya kompyuta. FieldWorks ya SIL, tunayotumia kwa kamusi, vilevile. Anayesema tableti inatosha ana maana kwamba kurekodi kunatosha. Hapo ndipo ninapogoma. Sauti isiyoandikwa wala kuchambuliwa, ikikaa kwenye tableti ya mwanafunzi aliyekwisha kupata shahada yake, itapotea siku tableti itakapouzwa au kioo kitakapopasuka.

Sababu ya pili ni ya sauti yenyewe. Programu nyingi za kurekodi zinazokuja na simu hubana sauti ili faili liwe dogo. Mfumo wa AMR wa simu za kawaida huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, maana yake hakuna kitu kinachobaki juu ya Hz 4,000. Toni itabaki, kwa kuwa mtetemo wa nyuzi za sauti uko chini kabisa, kwenye mamia ya Hz. Lakini nguvu kubwa ya sauti kama s iko juu ya mpaka huo, na anayetaka kutofautisha vikwamizo kwa vipimo amekwisha kushindwa kabla hajaanza. Dawa yake ni rahisi: weka programu inayorekodi WAV, sampuli 48,000, biti 16, mono. Dakika moja inakula MB 5.76, saa moja takriban MB 346. Tableti ya GB 32 ambayo mfumo na picha za harusi zimekwisha kula nusu yake bado itabeba zaidi ya saa 40 za sauti. Ukitaka video, mahesabu yanabadilika: saa moja ya video ya kawaida ya 1080 ni GB 7 au 8, na siku ya pili utaanza kufuta. Hapo ndipo diski ya kompyuta inapoitwa.

Na kompyuta peke yake? Kasoro yake kubwa inatokana na jinsi inavyomweka mtu. Kioo kinamtazama mwandishi na mgongo wake unamtazama mzee. Nimeona wazee wakikaa mbele ya mgongo wa kioo kama watu waliokuja kujiandikisha ofisini: wananyamaza, wanangoja kuulizwa, wanajibu kwa neno moja. Hadithi haitoki kwa mtu anayengoja kuulizwa. Kisha kompyuta ina feni, na feni haijui kwamba unarekodi. Sikiliza rekodi nyingi zilizofanywa karibu na mashini: chini ya sauti ya mzee kuna mvumo mmoja usiokatika, na Praat wakati mwingine huuchukua mvumo huo kama sehemu ya maneno.

Kwa hiyo nasema meza moja, ila si saa moja kwa kila kazi. Asubuhi mashini imezimwa, jenereta ya jirani haijawashwa, na kama Mungu akipenda mvua haijaanza kugonga mabati. Tableti peke yake iko mezani, na maikrofoni yake, na mzee anasimulia. Hapo tableti ni sikio tu. Mashini inawashwa baadaye, wakati wa kuandika, na hapo ndipo mambo yanapopendeza.

Tableti inageuzwa imtazame mzee. Ndani yake kuna rekodi ya asubuhi, imekatwa vipande vifupi. Mzee anagusa, anasikiliza kipande, kisha anakirudia polepole, neno kwa neno, karibu na maikrofoni. Akimaliza anakisema kwa Kiswahili. Njia hii hatukuibuni sisi. Lig-Aikuma, programu ya Android iliyotengenezwa Grenoble, iliundwa kwa kazi hiyohiyo, na mradi wake wa BULB uliitumia kwa lugha tatu za Kibantu: Kibasaa cha Kamerun, Kimyene cha Gaboni na Kiembosi cha Kongo-Brazzaville. Lakini hata bila programu hiyo, kicheza sauti na kirekodi sauti vya kawaida vinatosha. Upande wa pili wa meza, mimi kwenye mashini ninaandika ndani ya ELAN kile kinachorudiwa, na nikikwama sihitaji kubuni. Ninauliza. Mzee yuko hapo, umbali wa mkono.

Wako watakaosema wazee hawawezi kugusa skrini. Desemba 2018 tulipiga kura kwa mashine yenye skrini ya kugusa, na tena Desemba 2023. Tuliibishia sana mashine ile, kwa sababu zake, lakini wazee waligusa. Mama mmoja wa Mutambala niliyefanya naye kazi alijifunza kukata vipande vya sauti kwa siku moja, na siku ya tatu alikuwa ananigombeza kwamba ninakata katikati ya maneno. Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nafuata mapumziko ya pumzi. Yeye alikuwa anafuata sentensi.

Hapa niseme juu ya toni, maana hapa ndipo kazi ya upweke inapotuangusha. Kiswahili hakina toni ya kutofautisha maneno, na sisi tuliosoma kwa Kiswahili na Kifaransa masikio yetu yamelelewa na lugha mbili zisizojali jambo hilo. Mkongomani yeyote anaweza kujipima kwa Lingala: moto kwa toni za chini ni mtu, motó ikipanda mwishoni ni kichwa, na móto wa kupikia una toni ya juu mwanzoni na irabu zake ni za wazi zaidi, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi hata kimoja cha hivi. Kibembe nacho ni lugha ya toni. Ukiwa peke yako na vipokea sauti, unaandika konsonanti na irabu, unaweka alama za toni mwishoni kwa kukadiria, na msomaji wa memwari yako hawezi kukupinga kwa sababu hata yeye hana mzee. Ukiwa na mzee mezani, unaweza kumwomba apige neno kwa mluzi. Anapiga mluzi kwenye tableti, mashini inachora mstari kwenye Praat, na ubishi unakwisha. Sijaona njia bora kuliko hiyo, na haigharimu franga.

Tulipata mfano wa meza ya namna hii katika Kivu kabla ya mashini zote hizi. Mwaka 1956, kwa Wanyanga, katika kijiji cha Bese, Shé-kárisi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakiandika kwa mkono. Kitabu kilipotoka mwaka 1969 kilibeba majina mawili, la Biebuyck na la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mwanaisimu. Siwaelezi hawa kama watakatifu, na uhusiano wa Mbelgiji na wanakijiji katika miaka ile ulikuwa na mizani yake iliyolalia upande mmoja. Lakini angalia mpangilio: msimulizi alikuwepo pale maneno yake yalipokuwa yanaandikwa, siku zote 12, na walioandika walikuwa na lugha hiyo vinywani. Kisha ilikuja tepu, na baada ya tepu simu, na kadiri kifaa kilivyokuwa chepesi ndivyo tulivyozoea kuondoka mapema.

Turudi kwenye nyaya. Watu hudhani kuunganisha tableti na kompyuta kunahitaji intaneti, na kwa kuwa vifurushi vya intaneti ni ghali, wanaacha. Haihitaji. Kebo ya USB inatosha kuhamisha faili. Ukitaka bila kebo, washa mtandaopepe wa tableti bila kununua kifurushi hata kimoja, unganisha mashini humo (mashini nyingi za zamani hazina Wi-Fi ndani, kuna kidude kidogo cha USB kinachoongeza), na programu kama Syncthing itahakikisha kila faili linalorekodiwa linanakiliwa upande wa pili. Data haiondoki chumbani. Hilo ni jema kwa mfuko, na ni jema kwa sababu nyingine nitakayoifikia.

Kuna wenzangu ambao wakisikia mashini na tableti mezani wanafikiri mara moja juu ya kioo cha pili: programu kama spacedesk inayoifanya tableti iwe kipande cha kioo cha kompyuta. Nimeijaribu. Inapendeza kwa mtu anayeandika makala na kamusi imefunguliwa pembeni. Kwa kazi ya Baraka naipinga. Tableti ikishakuwa kioo cha pili imekuwa mtumwa wa mashini: umeme ukikatika vyote vimekufa pamoja, na mzee amebaki anatazama giza. Tableti inayojitegemea inaendelea kurekodi mashini ikizimika. Huo ndio ubora wake wa kwanza na sioni sababu ya kuutupa kwa ajili ya urembo.

Umeme, basi. Tufanye hesabu, maana wengi wanabishana bila hesabu. Betri ya tableti ya mAh 7,000 kwa volti 3.7 ina takriban Wh 26. Mashini ya zamani na kioo chake hula wati 100 bila shida. Maana yake chaji nzima ya tableti, inayotosha siku ya kurekodi, ni robo saa ya mashini. Katika mji ambao wengi wanategemea paneli za jua na jenereta, tofauti hiyo ndiyo inayopanga ratiba ya kazi. Ndiyo maana mashini haiwezi kuwa chombo cha kila saa. Inawashwa kwa saa mbili au tatu, kazi ikiwa imeandaliwa: vipande vimekwisha kukatwa kwenye tableti, marudio ya polepole yamekwisha kurekodiwa, mzee amekwisha kula na yuko tayari. Mtu akiwasha mashini kisha akaanza kutafuta faili, anachoma mafuta ya wenyewe.

Jambo ambalo halisemwi katika madarasa yetu, na lilitukula siku nyingi, ni apostrofi. Majina ya Kibembe tunayoyaandika kila siku yana alama hiyo: M'mbondo, M'munga. Kiswahili nacho kina ng'ombe na ng'ambo. Kwenye tableti ukigusa alama hiyo unapata apostrofi iliyonyooka. Kwenye mashini, programu ya kuandikia inaigeuza yenyewe kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na kuna ya tatu, ile ambayo Unicode imeitenga kwa ajili ya apostrofi iliyo herufi ya lugha, si alama ya kunukuu. Matokeo yake ukitafuta neno katika matini yako unapata nusu ya mifano, na kamusi yako inakuwa na maingizo mawili ya neno moja. Toni zina shida ileile: é inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama e ikifuatwa na alama inayopanda juu yake, na programu mbili zikihifadhi kwa njia mbili, utafutaji unashindwa. Ɛ́ haina umbo la herufi moja kabisa.

Ndiyo maana kanuni yetu ya kwanza mezani ni kibodi moja kwa mashini zote mbili. Keyman inapatikana kwa Windows na kwa Android, haina malipo, na mtu anaweza kuijengea lugha yake kibodi: ɛ hapa, ɔ pale, toni ya juu kwa kitufe hiki, na apostrofi moja tu, hiyohiyo siku zote. Anayeona huu ni udogo wa mambo ajaribu kuunganisha kamusi za wanafunzi watatu waliofanya kazi miaka mitatu tofauti. Nimejaribu. Afadhali kuanza upya.

Nilisema nitarudi kwenye data kutoondoka chumbani. Fizi si maktaba. Hadithi ya asili ya ukoo, jina la mto, wimbo wa mipaka ya shamba: katika Nyanda za Juu na hata kando ya ziwa, watu wamekufa kwa ajili ya mambo kama hayo. Mzee anaposimulia nani alifika kwanza wapi, anasema kitu ambacho mtu mwingine kwenye bariere anaweza kukisikiliza kwa masikio mengine. Na tableti ndiyo inayopita bariere. Ikishikwa, ikifunguliwa, kila sauti na kila jina lililomo ndani viko mikononi mwa asiyeulizwa ruhusa. Hapa kuwa na mashini mbili kunakuwa suala la usalama wa watu. Kila jioni sauti zinahamia kwenye mashini, zinahakikiwa kwamba zinacheza, kisha tableti inafutwa. Inayosafiri iwe tupu. Majina ya wasimulizi hayaandikwi kwenye jina la faili; yanaandikwa namba, tarehe na kodi ya lugha, ambayo kwa Kibembe ni bmb, na orodha ya majina inakaa kwenye mashini, imefungwa kwa nywila.

Najua jibu: na mashini ikiibwa, au watu wakikimbia? Mashini ya mezani haibebeki kichwani. Ni kweli, na ndiyo maana nakala ya tatu haipaswi kuwa Baraka kabisa. Babembe wengi walivuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, na kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huohuo, imelea kizazi kizima. Wako huko wasemaji wenye Kibembe kizuri kuliko changu. Diski ndogo ikivuka kwenda Kigoma kwa ruhusa ya wasimulizi, inakwenda kwa wenye lugha, na wao wanaweza kusahihisha. Hiyo ni nakala yenye watu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la umbali. Meza yangu iko Baraka. Anayetafuta Kibembe cha Lulenge au cha Ngandja hataipeleka mashini huko, na kumwomba mzee wa miaka sabini ashuke hadi ziwani kwa ajili ya memwari yangu ni kukosa adabu. Kwa maeneo hayo tableti itakwenda peke yake, na uandikaji utafanywa kwa hatua mbili: marudio ya polepole na tafsiri ya Kiswahili vifanywe kulekule kijijini, kwenye tableti, kabla mwanafunzi hajaondoka, halafu mashini ipokee sauti zote mbili. Si sawa na kuwa na mzee mezani. Ni nusu yake. Lakini nusu hiyo ni kubwa kuliko vipokea sauti na kubuni.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006, ibara ya 1, inazitaja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Chiluba, kisha inasema lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni wa Kongo na Dola inahakikisha ulinzi wake. Sijaiona Dola ikija Mboko na maikrofoni. Waliokuja ni wanafunzi, na wanafunzi wanakuja na walichonacho. Mara nyingi ni simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya vifaa sizungumzi juu ya ndoto za duka la Dubai. Mashini ya miaka kumi iliyopita inaendesha ELAN bila taabu. Tableti ya bei ya chini inarekodi WAV.

Ombi langu kwa kitivo ni dogo na linaweza kujibiwa muhula huu. Memwari yoyote ya lugha isiyo na maandishi mengi iambatanishwe na sauti zake na faili zake za ELAN, na wakati wa utetezi baraza limuulize mwanafunzi ni nani aliyekuwepo alipoandika. Kibodi moja ya Keyman ikubaliwe kwa kila lugha tunayoifanyia kazi, na ibandikwe mlangoni. Na zile kompyuta za mezani zinazobadilishwa kila baada ya miaka michache katika ofisi na vyumba vya mafunzo, badala ya kurundikwa stoo hadi panya wale nyaya, moja ipelekwe Baraka na nyingine Fizi, mahali ambapo wazee wanaweza kufika kwa miguu. Meza, viti na chai ya mzee tutatafuta wenyewe.